Pembe Iliyobaki Mguuni

Mgboye humwoni kwanza, unamsikia. Kabla hajatokea kwenye kona ya nyumba ushasikia: ko, halafu kimya, ko, halafu kimya. Hiyo ko ni mguu wa kushoto, uliovaa pembe ya ndovu nene kama kinu cha kutwangia pilipili. Kimya ni mguu wa kulia, mtupu. Watoto wa Onitsha waliozaliwa baada ya vita walikuwa wakimfuata nyuma na kumwiga, bega moja juu, bega moja chini, wakicheka mpaka wakae chini. Hakuwafukuza. Watoto hawajui kitu, na wazazi wao waliojua walikuwa wanacheka ndani ya nyumba.

Mama yake alizikwa mvua inanyesha, na watu wawili, na hao wawili wakigombania jembe. Mgboye alikuwa msichana. Alisimama pale kanga imemlowa mwilini, akaona udongo unavyorushwa kama mtu anafukia taka, na hakuna aliyeimba hata neno. Mtaa wa pili siku hiyohiyo alizikwa mwanamke wa chama cha Odu, wale wanaovaa pembe miguuni, na wenzake walikuja wote kwa nguo nyeupe, wakamchezea ngoma yao kutoka mlangoni mpaka kaburini. Mgboye aliisikia ile ngoma akiwa amesimama kwenye tope la mama yake. Basi. Wengine huota mume, wengine huota nyumba. Yeye kuanzia siku ile aliota kuzikwa.

Akauza samaki. Alishuka mtoni asubuhi kuwapokea watu wa mitumbwi ya juu, akanunua, akakausha kwa moshi mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Mumewe, Anene, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, akaenda zake Kano kutafuta, akamwacha na mama mkwe na binti mmoja, Nwabuno. Huko Kano Anene akaoa mke wa pili, Udenwa, akatuma habari kwa mdomo wa mtu mwingine. Mgboye alisema ni sawa, kisha akaendelea kugeuza samaki. Alipomwambia mumewe kwamba anaweka akiba ya pembe, Anene alijibu kwamba fedha hiyo ingeezeka nyumba bati. Mgboye akamwambia bati linavuja.

Pembe akazipata. Ilichukua ujana wake wote, lakini akazipata. Na hapo ndipo alipofanya kosa lake. Siku hizo wanawake wengi wa Odu walikuwa wameanza kuvaa pembe siku za sherehe tu, zikiisha wanazivua na kuziweka kabatini, maana zinachosha, zinachubua, na mtu hawezi kukimbia hata akinyeshewa. Mgboye akawaona ni wanawake wa kabatini. Akamwagiza mchongaji amchongee za kubana. Fundi akamwonya, akasema mama, hizi zikiingia hazitoki. Mgboye akasema ndizo anazozitaka. Wakampaka mawese na sabuni, wakamvuta wanawake wanne, mguu ukalia kakaka, pembe zikaingia. Hakutoa sauti. Mama mkwe wake, aliyekuwa amemdharau tangu siku ya mahari, alimwamkia kwa jina la Odu jioni hiyo, na Mgboye akajifanya hakusikia ili aamkiwe tena.

Mwaka ule watu wetu walipouawa Kaskazini, Anene akarudi kwa treni na Udenwa na binti wa Udenwa, mwari tayari, na mfuko mmoja. Udenwa alikuwa mrefu, mwembamba, na mdomo wake ulikuwa na makali pande zote mbili. Walipewa chumba cha nyuma. Asubuhi ya kwanza alimwona mke mwenzake akivuka ua, ko, ko, akamtazama miguu, akasema kwa upole kabisa, "Kule Kano, mwenzangu, anayefungwa miguu hivyo ni ng'ombe."

Mgboye hakusimama. "Na wewe uliyekuwa huru," akasema, "umerudi na nini?"

Wakaishi hivyo. Hawakupigana. Walichomana tu, kidogo kidogo, kama watu wanaochoma mahindi.

Kisha vita vikaja mtoni. Daraja letu, ambalo hata rangi yake ilikuwa bado haijachujuka, tulilivunja wenyewe ili wa ng'ambo wasivuke. Kutoka Asaba, ng'ambo ya pili, zikaanza kuja habari ambazo mtu hasimulii akiwa na chakula mdomoni, na baada ya habari yakaja makombora. Lakini Oktoba mto unajaa. Unajaa mpaka unageuka bahari ya chai ya maziwa, na magogo mazima yanapita kama majani. Wazee wakasema hakuna atakayevuka maji haya, mto una mwenyewe. Watu wakakaa. Watu wa Onitsha hawaachi duka likiwa na bidhaa, hata ukiwaonyesha mauti.

Wakavuka. Asubuhi moja wanajeshi wa serikali ya Lagos walivuka kwa maboti, wakatua chini kule bandarini, na kabla jua halijapanda moshi ulikuwa umesimama juu ya soko. Mji mzima ukashika barabara ya Nkpor. Nyumbani kwa Anene kulikuwa na dakika ya kufunga mizigo tu. Nwabuno hakuwepo, alikuwa ameolewa Oguta. Anene alimwambia Mgboye avue pembe. Mgboye akamwambia hazivuliki, unajua. Anene akaleta msumeno.

"Ukikata pembe," Mgboye akasema, "kata na mguu. Usinipunguzie kazi nusu."

Anene akasimama na msumeno wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kawaida, na watu wa kawaida ndio humalizwa na siku kama hiyo. Akasema anakwenda kutafuta mkokoteni wa kumpakia, akamshika mkono binti wa Udenwa, akatoka. Mkokoteni huo haujafika mpaka leo.

Udenwa alikuwa ameshafika getini na furushi kichwani. Akasimama. Akalishusha furushi, akarudi, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa mke mwenzake kama mtu aliyekuja kusukwa nywele. Mgboye akamuuliza anangoja nini. Udenwa akasema amekimbia Kano, na mtu ana magoti ya kukimbia mara moja tu.

Sasa wale askari. Njia ya juu ilikuwa wazi. Wangepanda moja kwa moja mji ungekuwa wao kabla ya chakula cha mchana, kila mtu anajua. Lakini walikutana na soko kwanza. Na soko la Onitsha si mchezo, soko lile limewashinda watu wenye akili timamu siku za amani. Wakaingia madukani. Wakatoka na vitambaa vya lesi shingoni, redio mkononi, mtu amebeba cherehani na bunduki ameitundika mgongoni kama mwavuli. Waliposhindwa kubeba zaidi wakachoma. Vita vyao vilikufa hapo, katikati ya vitambaa, na wao hawakuwa na habari.

Mmoja akapanda mpaka kwa Anene. Mtu mzima, macho mekundu, lesi ya bluu imezungushwa shingoni mara nyingi, redio imefungwa kiunoni kwa kamba. Akaangalia ndani, akaangalia wanawake wawili, akaona miguu ya Mgboye. Akaweka bunduki ukutani, akachomoa panga.

Udenwa akamsemesha Kihausa.

Uso wa yule mtu hata haukuwa wa Kihausa, lakini Kihausa cha jeshini alikijua, na alishtuka kama amesemeshwa na mbuzi. Wakaongea. Mgboye hakuelewa neno hata moja. Aliona tu mke mwenzake anacheka na mtu mwenye panga, anaionyesha miguu ya Mgboye kwa kidole kama mchuuzi anayeonyesha samaki, kisha anaingia jikoni na kutoka na chungu cha mawese.

"Nyoosha mguu," Udenwa akamwambia.

"Unafanya nini wewe?"

"Nimemwambia damu inaharibu pembe. Inaingia ndani, haitoki, haiuziki tena. Nimemwambia inavuliwa kwa mafuta na subira. Nyoosha."

"Aniue nazo."

"Akishakuua atakata. Nyoosha, wewe mwanamke."

Mgboye hakunyoosha. Udenwa akapiga magoti, akaushika mguu wa kulia kwa nguvu, akaubana kwapani kama mtu anayenyonyoa kuku, akaanza kupaka. Akapaka polepole. Akafuta akapaka tena. Akavuta kidogo, akapumzika, akamwambia askari kitu, askari akatukana. Akavuta tena. Nje moshi ulikuwa unazidi, na Udenwa anapaka tu mafuta, kidole kwa kidole, kama anampaka mzazi. Ngozi ilichubuka mpaka fundo la mguu likabaki jekundu, na pembe ikatoka.

Askari akaitia mkononi, akaipandisha mpaka begani. Akaonyesha mguu wa pili. Udenwa akachovya mkono chunguni, na hapo ndipo bunduki zikaanza upande wa juu. Vijana wetu walikuwa wanashuka. Askari alisikiliza, akaitazama pembe ya kushoto, akalitazama panga lake, akatazama mlango. Akachukua bunduki akakimbia, lesi ikiburutika nyuma.

Wanawake wale wakakaa. Mafuta yalikuwa sakafuni. Mgboye ndiye aliyesema kwanza.

"Umempa."

"Nimempa pembe. Mguu umebaki."

"Mguu si wako, na pembe haikuwa yako. Umempa kilichokuwa changu huku unacheka naye." Akavuta kanga yake akafunika fundo la mguu. "Usiniguse tena, Udenwa. Usiuguse mguu wangu mpaka nife."

Udenwa akafuta mikono kwenye nguo yake. Akasema haya.

Kule chini mto ulimaliza kilichobaki. Maboti mengine yalikuwa yameshapigwa, mengine manahodha wake walikuwa wamegeuza mapema, nani angewangoja. Askari waliofika ukingoni wakajitupa majini na mizigo yao. Mtu anayekimbia kifo na cherehani, huyo umwombee nini? Waliovaa lesi ililowa ikawavuta. Jioni ile mto ulikuwa na vitambaa vya kila rangi, vinapita vimetanuka juu ya maji kama vimeanikwa.

Siku ya pili, watu walipoanza kurudi kuchungulia majivu ya maduka yao, walimwona Mgboye akishuka ukingoni na fimbo. Ko, kimya, ko, kimya. Maiti zilikuwa zimetupwa kwenye matope, zimevimba, na harufu ilikuwa imefika mjini kabla yake. Aliziendea moja moja. Aliigeuza kila moja kwa fimbo, akautazama uso, akautazama mkono mpaka begani, akaenda kwa nyingine. Mwanamume mmoja wa kwetu akamzomea, akamwambia mama, acha wafu, hata adui ana mama yake. Mgboye akamjibu kwamba huyo mama yake na aje basi wasaidiane kutafuta. Wengine walikuwa vijana wadogo kabisa. Hilo aliliona, na alilisema baadaye mara moja tu, akikausha samaki, bila kuulizwa: wengine walikuwa hawana hata ndevu. Lakini mkono ule hakuuona. Mto ulikuwa umechukua mtu na pembe yake.

Basi hatukufurahi muda mrefu. Walishindwa kwa maji, wakaja baadaye kwa nchi kavu, na safari hiyo kila mtu alikimbia. Mgboye alipakiwa kwenye baiskeli ya mtu. Wakaishia porini kwenye kambi, yeye na Udenwa, wakamkuta huko Anene amekonda, na binti wa Udenwa na mtoto mchanga wa binti huyo, aliyezaliwa hukohuko, waliyemwita Nkemdilim, yaani changu kibaki nami.

Huko njaa ilitukamata kooni. Unazijua nywele za mtoto zikigeuka nyekundu? Tumbo likivimba na miguu ikawa vijiti? Nkemdilim alifika hapo. Kulikuwa na mchuuzi mmoja aliyekuwa anapita kambini na chumvi na samaki wakavu wa Ulaya wanaoletwa na ndege za misaada, anabadilishana na chochote, pete, saa, nguo ya harusi. Akaiona pembe. Akasema kwa hiyo atatoa kapu la samaki na chumvi ya kutosha mpaka mvua.

Udenwa akamwendea mke mwenzake. Hakupiga magoti, lakini alikaa chini, na kwa Udenwa hiyo ilikuwa zaidi ya magoti.

"Mawese ninayo," akasema. "Kidogo, lakini yanatosha. Tuitoe."

Mgboye alikuwa anamtazama mtoto.

"Moja uligawa," akasema. "Hii hutaigawa."

Nkemdilim alikufa wiki ileile. Udenwa alimchimbia mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Anene naye akafuata baadaye. Na mtu asimtetee Mgboye hapa. Wako wanaosema mtoto angekufa tu, samaki wangeisha, wengi walikufa wakiwa na samaki tumboni. Labda. Lakini kapu lilikuwepo, na mtoto alikuwepo, na pembe ilikuwa mguuni, na aliyesema hapana ana jina.

Vita vilipoisha walirudi Onitsha, wajane wawili wa mume mmoja, wakaingia nyumba ileile kwa sababu hawakuwa na nyingine. Meko mawili, vyungu viwili. Hawakuombana chumvi mpaka kifo.

Chama cha Odu kilipojikusanya tena, Mgboye alikwenda na mguu wake mmoja wa pembe. Kiongozi wao wakati huo alikuwa Bibi Ekwutosi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Sheria yao ni moja haina kona: anayeuza pembe zake si Odu tena, na akifa hachezewi. Na wengi walikuwa wameuza kule porini, kila mtu alijua, hata wengine waliokaa pale na pembe mpya zinazong'aa. Ekwutosi akamuuliza ya pili iko wapi. Mgboye akasema mtoni. Ekwutosi akamuuliza nani aliona.

Shahidi alikuwepo. Alikuwa nyumbani kwao anamenya viazi vikuu. Lakini kumwita shahidi ni kumwomba, na ukimwomba mtu lazima umshukuru, na Mgboye angemeza fimbo yake kwanza. Akamwambia Ekwutosi mto ndio ulioona, mwulizeni. Wakamweka karibu na mlango, kwenye mkeka, si kwenye viti. Wakaenda wakisema maskini, aliuza, anaona haya. Alikaa karibu na mlango huo miaka yote. Hakukosa kikao.

Kila kiangazi, mto ukishuka na mchanga ukitokea katikati kama mgongo wa kiboko, alilipa mtumbwi ukampeleka. Alitembea juu ya mchanga akiuchokoa kwa fimbo. Wachimba mchanga walimzoea. Mmoja alimuuliza akiipata ataivaa vipi na mguu umeshavimba uzee, akasema ataivaa kichwani kama ni lazima, wewe chimba.

Alikufa kiangazi vilevile, siku za vumbi la upepo mkavu wa kaskazini, amelala kitandani kwake bila kusumbua mtu. Nwabuno akaja kutoka Oguta. Wanawake wa Odu wakaja pia, kwa nguo za kawaida, wakakaa, wakatafuna kokwa za kola, wakatoa pole. Kisha Ekwutosi akamwita Nwabuno pembeni na kumwambia kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba wao kama majirani watamlilia, lakini ngoma hapana. Nwabuno akaja nyuma ya nyumba, kwa Udenwa, akaanguka miguuni pake.

"Mama mdogo, wewe uliona. Waambie."

Udenwa alikuwa anavuta ugoro. "Mama yako hakuniuliza miaka yote hiyo."

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

Udenwa akapenga ugoro puani, akafuta vidole, akasimama. Alikuwa bado mrefu. Akapita uani mpaka walipokaa wale wanawake, hakuamkia mtu, na hakukaa.

"Mnasema aliuza," akasema. "Mimi nilikuwa na mjukuu, Nkemdilim. Mtu alikuja na kapu la samaki, akaitaka ile pembe iliyobaki, na huyo aliyelala humo ndani akasema hapana, na mjukuu wangu akafa. Nimemzika kwa mikono hii. Mwanamke aliyekataa kuuza pembe mtoto akiwa anakufa mbele yake, mnadhani nyingine aliuza kwa nani?"

Akamgeukia Ekwutosi.

"Ya kwanza ilichukuliwa na askari siku walipovuka. Nilikuwepo, nimeivuta kwa mkono wangu. Hakuuza. Ingekuwa heri angeuza. Nimemaliza."

Ekwutosi aliitoa kola mdomoni. Baadaye akawaambia wenzake waende wakavae nyeupe.

Pembe haizikwi. Huenda kwa binti. Kwa hiyo kabla wanawake hawajarudi ilibidi ile ya kushoto itoke, na Nwabuno alijaribu akashindwa, akatoka nje analia. Udenwa akaingia na chungu cha mawese, akafunga mlango.

Mguu ulikuwa baridi. Akaubana kwapani, kama siku ile, akapaka polepole, akafuta akapaka tena.

"Mpaka nife, ulisema," akamwambia. "Haya."

Ilitoka kwa shida, lakini ilitoka. Chini yake ngozi ilikuwa haijaona jua tangu kabla ya vita. Ilikuwa laini, nyepesi, kama ya mtoto mchanga, na Udenwa alipoiona akainua mikono yake akakaa nayo hewani, imejaa mafuta, hajui aiweke wapi.

Wakamchezea Mgboye kutoka mlangoni mpaka kaburini. Nguo nyeupe, ngoma yote, hawakukata hata mzunguko mmoja. Ilisikika mpaka ng'ambo. Udenwa hakwenda. Alikuwa jikoni kwake, kwenye meko yake, anasugua mikono kwa majivu, na mtu asije akasema kwamba alimsamehe.